Haki ya Jicho na Haki ya Mkono

Wahenga wa pwani yetu walisema kuwa macho hayana pazia. Maana yake ni wazi: kilichowekwa mbele ya macho huonwa, na aonaye hashitakiwi. Ukipita sokoni Malindi ukatazama saa ya fedha katika kioo cha duka, hapana askari atakayekukamata. Ukisimama darajani Kilifi ukatazama mashua nzuri ya mtu ikipita chini yako, mwenye mashua hatakudai nauli. Jicho limepewa uhuru mkubwa kuliko viungo vingine vya mwili. Lakini jicho lina ndugu yake, naye ni mkono, na ndugu hawa wawili hukaa jirani sana. Jicho likipenda, mkono huwashwa. Basi swali nitakalo kulichunguza pamoja nawe, msomaji kijana, ni hili: Je, kila kilicho halali kwa jicho ni halali kwa mkono pia? Jicho likiisha kusema, "Kitu hiki ni kizuri," je, mkono umekwisha pata ruhusa ya kusema, "Basi na kiwe changu"?

Sisemi juu ya chakula kiondoacho njaa, wala juu ya nguo isitiriyo mwili, maana hivyo mtu huvitafuta kwa lazima. Nasema juu ya vitu vya tunu: vyombo vilivyobuniwa kwa ustadi, vitu vigeni vitokavyo mbali, mapambo yamfanyayo mtu asimame njiani, na mitambo midogo ambayo kila mwaka hutoka mipya ikaifanya ya mwaka jana ionekane mikongwe. Wako watu wazima ambao huwaambia vijana kwamba kuvipenda vitu vya namna hii ni upuuzi mtupu. Mimi siwezi kuungana nao, kwa sababu historia ya mahali petu yanikataza.

Mwezi wa Aprili mwaka 1498 merikebu za Vasco da Gama zilitia nanga Malindi. Mmoja wa watu wa safari ile aliandika habari za mambo aliyoyaona. Miongoni mwa fahari za mfalme wa Malindi alizitaja siwa mbili za pembe, zenye nakshi nyingi, kimo chake kama kimo cha mtu, zikipulizwa kwa tundu lililo ubavuni. Mreno yule alikuja katika merikebu zenye mizinga, lakini jicho lake lilisimama mbele ya siwa. Na kabla yake, mwaka 1415, wajumbe wa Malindi walifikisha twiga katika nchi ya Uchina. Kwa watu wa kwetu twiga alikuwa mnyama wa nyika. Kwa watu wa jumba la mfalme wa Uchina alikuwa ajabu kubwa, akapokewa kama qilin, yule mnyama wa baraka anayesimuliwa katika hadithi zao. Hali kadhalika, bakuli za kaure, ambazo huko Uchina zilitoka tanurini kwa wingi, zilivuka bahari zikawa tunu huku kwetu. Huko Mambrui, kaskazini ya Malindi, ziliheshimiwa hata zikapachikwa katika nguzo ya kaburi, ili aliyelala pale apambwe kwa kitu bora kuliko vyote vilivyopatikana.

Mambo haya yatufundisha mawili. La kwanza ni kwamba kupenda kitu kizuri si aibu. Wazee wetu walikipenda, wakakisafiria, wakakinunua, wakakiuza, na miji yao ikasitawi kwa sababu ya mapenzi hayo. La pili ni kwamba ajabu haimo ndani ya kitu chenyewe. Ajabu ni umbali ulioko baina ya kitu na jicho. Mchina alimstaajabia twiga wetu, nasi tukalistaajabia bakuli lake, wala twiga hakujua kuwa yeye ni ajabu, wala bakuli halikujua. Kwa hiyo jicho likikuambia kuwa kitu fulani ni cha ajabu, aghalabu linakuambia tu kwamba halijakizoea. Ndiyo maana pakasemwa kwamba kipya kinyemi, ingawa kidonda.

Basi kabla ya kutamani cha mbali, jaribu kukitazama cha karibu kana kwamba umeshuka chomboni leo asubuhi kutoka Uchina. Twaa mbuzi ya kukunia nazi. Ni mbao chache tu: zikifunguliwa huwa kiti, zikikunjwa huegemezwa ukutani. Mbele hutokeza ulimi wa chuma wenye meno. Mkunaji huketi juu yake, na uzito wa mwili wake ndio unaokizuia chombo kisiyumbe, mikono yake miwili ikawa huru kukizungusha kifuu. Hakitaki mafuta wala umeme, na kikivunjika fundi wa mtaani hukitengeneza kabla ya jua kuchwa. Kando yake weka kifumbu, mfuko uliosukwa kwa majani, ambao ukisokotwa hukamua tui lote na kuiacha chicha ndani. Chombo kisichokuwa na kitu cha ziada, wala kisichopungukiwa na kitu, ndicho kilele cha ubunifu, na chombo kama hicho kimo jikoni kwenu. Pengine wewe hujakitazama hata siku moja. Walakini waweza kusimama saa nzima mbele ya kioo cha duka ukitazama kitu kinachong'aa ambacho hujui hata kazi yake. Wahenga walikijua kitu cha namna hiyo walipotaja uzuri wa mkakasi, ambao ndani ni kipande cha mti.

Tumekwisha sema juu ya haki ya jicho. Sasa tuigeukie haki ya mkono, nayo ina mpaka wake. Kusini ya Malindi, karibu na Watamu, pana magofu ya mji wa Gede. Mji ule ulisimama kwa mamia ya miaka, ukahamwa katika karne ya kumi na saba, na mwaka 2024 uliandikwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Tangu mwaka 1948, kwa muda wa miaka kumi, mtaalamu wa mambo ya kale aitwaye James Kirkman aliuchimbua na kuzichunguza nyumba zake za mawe. Majina ya wenye nyumba hayakujulikana, maana msitu ulikuwa umekwisha yameza. Kwa hiyo nyumba nyingi zikaitwa kwa vitu vilivyookotwa ndani yake: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Ushanga wa Venice, Nyumba ya Kijisanduku cha Pembe, Nyumba ya Bakuli la Kaure.

Yafikiri sana majina haya. Palikuwa na mtu aliyejenga nyumba, akaketi barazani, akapata watoto, akapata na mkasi uliotoka ng'ambo. Bila shaka mkasi ule ulikuwa fahari ya nyumba. Huenda majirani waliuazima, na huenda wengine walinyimwa. Leo nyumba haiitwi kwa jina la mwenyewe, bali kwa jina la mkasi wake. Alidhani kuwa yeye anaumiliki mkasi, na mwisho wake mkasi ndio ulioimiliki nyumba. Sikuambii haya ili uvidharau vitu. Nakuambia ili ujue kwamba kila tunachokiita chetu tumekiazima kwa muda, na kwamba mkono, hata ukikishika kitu kwa haki, lazima siku moja ukiachilie.

Hata hapa tumekuwa tukitaja vitu vya biashara, ambavyo mmoja huuza kwa hiari na mwingine hununua kwa hiari. Lakini viko vitu ambavyo havikuletwa duniani ili viuzwe. Katika bara ya Kilifi, kwa Wagiriama na baadhi ya ndugu zao Wamijikenda, mzee aliyekuwa mwanachama wa Gohu akifariki, jamaa zake humsimamishia kigango. Kigango ni ubao wa mti mgumu, wenye kichwa cha mviringo na mwili mrefu uliochongwa nakshi za pembetatu, moja baada ya moja, kwa subira kubwa. Aghalabu mzee humjia jamaa yake katika ndoto na kudai kuwa amesahauliwa; ndipo fundi huitwa, na watu hukusanyika, na tembo la mnazi humiminwa. Kikiisha kusimamishwa hakiondolewi. Hata jamaa wakihama, kigango hubaki palepale, kikanyeshewa na mvua na kuliwa na mchwa, mpaka kimalize siku zake kama mtu alivyomaliza zake.

Si lazima wewe uyaamini haya. Huenda dini yako yakufundisha mengine. Lakini lazima uelewe kwamba kwa jamaa yule kigango si pambo, ni baba.

Katika miaka ya 1970 na 1980, macho ya wageni yalikiona kigango, nayo yakasema kweli: ni kizuri. Kina urari, kina utulivu, na nakshi zake hazichoshi. Hakuna kosa katika hukumu ile ya jicho. Kosa lilianza pale mkono ulipofuata. Vigango viling'olewa usiku katika maboma, vikauzwa kwa wafanyabiashara wa vitu vya sanaa, vikavuka bahari, na huko Marekani vikanunuliwa kwa maelfu ya dola, vikasimamishwa katika kumbi za matajiri na katika makumbusho. Na la kusikitisha ni kwamba mara nyingi mkono wa kwanza kung'oa haukuwa mkono wa mgeni. Ulikuwa mkono wa kijana wa palepale, aliyepewa malipo madogo ambayo hayakumaliza hata mwezi.

Mwaka 1985 mtafiti mmoja wa Kimarekani, Monica Udvardy, alimpiga picha mzee wa Kigiriama katika boma lake, akiwa pamoja na vigango viwili alivyowasimamishia ndugu zake. Muda si mrefu vigango vile vikaibiwa, na mzee akafariki pasipo kuviona tena. Miaka ikapita. Mwaka 1999, katika mkutano wa wataalamu huko Marekani, mtaalamu mwingine, Linda Giles, alikuwa akionyesha picha za vigango vilivyomo katika makumbusho moja, na Udvardy akakitambua kimojawapo. Cha pili kilionekana katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Hampton. Picha ile ya zamani ikawa shahidi asiyeweza kukanushwa. Mwaka 2007 vigango vyote viwili vilirudi kwa wenyewe, na makumbusho mengine ya Marekani yakafuata baadaye kwa kurejesha vyao.

Angalia, msomaji, jinsi watu wawili walivyokiona kitu kimoja. Wote wawili walitoka mbali, na wote wawili walivutwa na uzuri uleule. Mmoja alikuja na fedha, na alipoondoka pamebaki shimo. Wa pili alikuja na kamera, akauliza jina la mwenyewe, na alipoondoka kitu kilikuwa palepale. Yule wa kwanza alipata ubao. Yule wa pili alipata maarifa, na maarifa yale ndiyo yaliyourudisha ubao kwa wenyewe.

Hapana budi nimsikilize pia mtu wa upande wa pili, maana hoja yake ina uzito. Atasema, "Katika boma kigango huliwa na mchwa, katika makumbusho hutunzwa, na maelfu ya watu hukiona. Je, si heri kihifadhiwe?" Hoja hii ni ya kweli kwa vitu vingi. Bakuli na shanga za Gede hazina jamaa anayezililia, na kuwekwa kwake mahali pa kutazamwa na watu wote kumetupa sote elimu. Lakini si kila kitu kiliumbwa kidumu. Mshumaa ukiuhifadhi usiwake, umeuhifadhi usiwe mshumaa. Kadhalika kigango: kazi yake ni kusimama mahali pake na kuoza mahali pake. Aliyekihifadhi ng'ambo amehifadhi mti, akaipoteza maana. Na hata kama ingekuwa heri kihifadhiwe, wa kuamua ni nani? Ni mwenye baba, wala si mpita njia.

Mwingine atasema, "Yule kijana alikuwa na njaa." Na hili pia ni kweli, wala sitaki kumhukumu kwa ukali mtu ambaye tumbo lake halikuwa na kitu. Njaa yaweza kutueleza kwa nini mkono ulinyooshwa. Haiwezi kutuambia kuwa ulinyooshwa kwa haki. Zaidi ya hayo, tazama ni nani aliyeshiba. Kijana alikula siku chache, mfanyabiashara akala miaka, na jamaa ya marehemu ikabaki na simanzi. Kitu kinapouzwa na asiyejua thamani yake, faida humwendea anayeijua. Kwa hiyo ujinga juu ya vitu vyetu ni umaskini wa pili, na huo ndio shule yaweza kuuondoa.

Kutokana na haya, nakupa maswali matatu ya kumwuliza mkono wako kila jicho linapopenda. Hayahitaji fedha wala cheti.

Swali la kwanza: Kitu hiki kimetoka kwa nani, na je, alikubali? Swali la pili: Kimegharimu nini ambacho hakikuandikwa katika bei? Swali la tatu: Nikikiondoa hapa, je, kitabaki kuwa kilekile?

Yajaribu maswali haya ufukweni. Kombe zuri lenye madoa, likilala katika maji ya Watamu, ni nyumba ya kiumbe. Anayeliuza likiwa safi na linang'aa hasemi kwamba kilichokuwamo kiliuawa ili ling'ae. Tangu mwaka 1968 bahari za Malindi na Watamu zina hifadhi zake, ambamo kuchukua makombe ni marufuku. Sheria ile haikulikataza jicho: waweza kupiga mbizi ukatazama mpaka uchoke. Imeukataza mkono tu.

Yajaribu kwa kinyago. Muhugu ni mti mzuri kwa mchongaji, lakini hukua polepole, na kila kinyago kimekula sehemu ya msitu. Wachongaji wa Malindi walipoona muhugu unapungua, wengi wao waligeukia mwarobaini, uotao upesi na kupatikana mashambani. Kinyago hakikupungua uzuri. Kilichopungua ni gharama ile ambayo haikuandikwa katika bei.

Mwisho, yajaribu kwa kitu ambacho najua unakitamani kuliko makombe na vinyago, nacho ni simu mpya. Simu ni tunu ya kweli, na sikuzuii kuistaajabia: katika kiganja kimoja mna kamera, kamusi, ramani, saa na barua. Lakini uliza bei yake halisi hulipwa na nani. Ikiwa baba huamka alfajiri kwenda baharini na nyavu zilizochakaa kwa sababu fedha za nyavu mpya zimenunua kioo cha kung'aa mfukoni mwako, basi kitu hicho kimegharimu zaidi ya bei uliyotajiwa dukani. Uliza pia utakifanyia nini. Kwa kifaa hicho hicho mtu aweza kurekodi hadithi za bibi yake kabla hazijapotea, au aweza kumpiga picha maskini bila idhini yake ili wenzake wacheke. Kamera nayo ina mkono wake, nao waweza kuiba. Na ikiwa simu uliyo nayo yafanya kazi zote unazozihitaji, nawe waitupa kwa sababu tu nyingine imetoka, kumbuka usia usemao: usiache mbachao kwa msala upitao.

Basi sikuamuru ufumbe macho. Dunia imejaa vitu vizuri, na asiyevitazama hupungukiwa na furaha kubwa ambayo hutolewa bure. Fungua jicho lako wazi kuliko wote. Tazama siwa, tazama kaure, tazama kigango katika boma la wenyewe kwa idhini yao, na tazama hata mbuzi ya jikoni. Jicho lina haki ya kuona kila kitu kisichofichwa. Lakini mkono hauna haki ila ile uliyopewa na mwenye kitu, baada ya kuuliza na kujibiwa. Mtu aliyejifunza kukitazama kitu kizuri, akakijua, akakisifu, kisha akakiacha mahali pake, huondoka mikono yake mitupu, naye ndiye aliyekipata.